Ubeti Uliobaki Joni

Mama Mkubwa alikuwa na tabia ya kujipiga mdomo. Utamkuta anapepeta, ungo unapanda na kushuka, pumba zinaruka, mara midomo yake inaanza kucheza yenyewe. Kabla sauti haijatoka anauachia ungo kwa mkono mmoja na kujizaba kofi dogo la mdomoni, pa! Kisha anaendelea kupepeta kama aliyefukuza nzi. Wageni walishangaa. Sisi wa nyumbani tulikwisha kuzoea, na tulijua kwamba si nzi. Ulikuwa wimbo.

Wimbo mmoja, huo huo siku zote. Watu wengine nyimbo huwaingia kichwani na kutoka. Mimi naweza kushinda juma zima na tangazo la sabuni la redioni mpaka mume wangu anatishia kwenda kulala kwa dada yake, halafu Jumapili kwaya inaniingizia kitu kingine na sabuni inasahaulika. Wa Mama Mkubwa haukutoka. Ulimwingia akiwa mwanamke kijana, akazeeka nao. Na lililomkera kuliko yote ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu, maana aliutunga mwenyewe.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Maliya, lakini kwetu mwanamke huitwa kwa ukoo wa baba yake hata akiolewa wapi, kwa hiyo hapa Bolero kila mtu alimjua kama NyaHarawa. Mume wake alikuwa Lameki Kumwenda, kaka mkubwa wa baba yangu. Mimi Lameki nimemjua kwa maneno ya watu tu. Wanasema alikuwa mrefu, mcheshi, na goti lake la kulia lilipinda tangu alipokanyagwa na ng'ombe wa kulimia, akawa anatembea akiurusha mguu pembeni. Waandikishaji wa mgodini hawakutaka vilema. Siku alipokwenda kuandikishwa alipita mbele ya meza yao akirusha miguu yote miwili kwa maringo, hadi wakadhani ndivyo vijana wa siku hizo walivyokuwa wakitembea, wakamgongea muhuri. Akaenda Joni, mji wa migodi huko kusini, kuchimba dhahabu kama wanaume wengine wa hapa.

Safari ya kwanza alirudi na blanketi, sufuria kubwa na vituko vya kuwachekesha watu mwaka mzima. Wakapata mtoto, mtoto hakukaa. Akaenda tena, na safari hii hakurudi. Mkataba ukaisha, wenzake wakashuka kwenye basi na masanduku yao, yeye hayumo. "Lameki yupo, mzima kabisa," walisema. "Amesema atakuja." Mvua zikaja zikaenda, watu wakalima wakavuna, na kila basi likija jibu ni lile lile, Lameki yupo. Mtu wa namna hiyo kwetu huitwa mchona, aliyekwenda akapotelea huko, na mke wa mchona si mjane wala si mke. Anakaa tu.

Sasa mwanamke afanye nini? Hawezi kwenda kwa mama mkwe kumwambia mwanao amenitupa, ataonekana hana adabu. Lakini ana kinu. Akishika mchi akaanza kutwanga, lolote atakaloliimba pale ni halali yake. Anaweza kumkatakata mume, mawifi, hata chifu akitaka, na hakuna anayepeleka wimbo wa kinuni barazani. Aliyeimbwa hujifanya kiziwi. Akiwa mwanamke na uchungu umemzidi, atakwenda kwenye kinu chake naye atwange, ajibu. Mwanaume hana kinu. Mwanaume akisikika hata akiuguna tu wimbo wa kutwangia, watoto watamletea ungo apepete, na utani huo utamfuata mpaka kaburini.

NyaHarawa akaenda kinuni. Mama yangu mzazi, aliyekuwa ameolewa na mdogo wake Lameki na wakitwanga pamoja, ndiye aliyeuitikia wimbo siku ya kwanza. Alinisimulia kwamba walianza na nyimbo za kawaida, mara NyaHarawa akanyamaza, michi ikagonga peke yake kidogo, kisha akatoa huu:

Lameki wa goti bovu, huko Joni umekaaje?
Blanketi ulilonipa limekwisha, baridi imebaki.
Kama wewe umechoka, itume suruali ije,
nitailaza kitandani, nitaipikia sima.

Na kiitikio chake: Suruali njoo, mwenye suruali baki.

Mama yangu alicheka mpaka mchi ukamponyoka. Jirani wa upande wa pili, aliyekuwa naye anatwanga, akadakia kiitikio kutoka kwake. Kufika jua kuzama vinu vyote vya upande ule wa mto vilikuwa vinaiita suruali ya Lameki. Wimbo ungekuwa mbaya ungeishia pale pale, lakini ulikuwa mtamu, una mahali pa kupumulia na mahali pa kushushia mchi. Wasichana wakaolewa nao. Aliyeolewa Hewe akaupeleka Hewe, aliyeolewa Mzimba akaupeleka Mzimba. Nimekutana na wanawake sokoni Rumphi, watu wa mbali kabisa, wanaimba Lameki wa goti bovu huku wakichagua maharage yangu, wala hawajui kama kuna mtu aliyeitwa hivyo. Wanadhani ni jina la wimbo tu.

NyaHarawa mwanzoni alifurahi. Niseme ukweli, alijivuna. Alikuwa na hasira na sasa hasira yake ilikuwa inaimbwa na watu asiowajua. Na chini ya hasira kulikuwa na hesabu yake: wimbo utafika Joni. Wanaume wapya wanaokwenda watakuwa wameusikia kwa dada zao na wake zao, watamtania Lameki kambini, naye atacheka, maana anapenda kuchekeshwa, kisha atafunga sanduku aje amkemee mke wake mbele ya watu. Alitaka kukemewa. Aliniambia hivyo mwenyewe, uzeeni. "Nilikuwa nimeshachagua hata kuku wa kumchinjia," alisema.

Hakuja. Na mama mkwe, bibi yangu NyaMhango, ambaye kwa muda wote alikuwa amejifanya kiziwi kama desturi inavyotaka, siku moja akachoka na ukiziwi. Walikuwa kwenye shamba la karanga. Akasimamisha jembe akasema, "Umemfungia mwanangu njia kwa mdomo wako. Umemwambia abaki, amebaki. Ulitaka nini kingine?"

Ni maneno ya mama aliyemkosa mwanawe, na labda hata yeye hakuyaamini sana. Lakini yalimwingia NyaHarawa, yakakaa pamoja na wimbo. Tangu siku ile hakuimba tena kinuni. Alitwanga kimya, na ukitaka kujua ugumu wa jambo hilo, jaribu kutwanga kimya mahindi ya watu sita. Akatukataza na sisi watoto. Kwenye harusi wasichana wakianzisha Lameki, yeye hunyanyuka akidai anakwenda kuangalia chungu. Na ndipo kofi la mdomoni likaanza, kwa sababu mdomo ulikatazwa lakini kichwa hakikukubali kukatazwa. Wimbo uliimba humo ndani asubuhi anafagia, mchana anachota maji, hata kanisani katikati ya sala.

"Unaanza kwa mbali," aliniambia, "kama vile watu wanatwanga ng'ambo ya mto. Nikiusikiliza tu, umeshafika."

Mimi nilikuja kuwa wa kwake mama yangu alipofariki. Alinilea vizuri na kwa ukali, na kila nilipofanya ujinga aliniita "mtoto wa Lameki," jambo ambalo sikulielewa, kwa kuwa baba yangu ni Yobe. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba kila kilichomshinda duniani alikibandika jina hilo.

Halafu suruali ikaja.

Nilikuwa msichana wa kutosha kushika mchi. Aliyeileta ni Goodson Luhanga, jirani yetu, nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ua wa matete. Yeye na Lameki walikuwa mgodi mmoja, kambi moja. Goodson alishuka kwenye basi akiwa amekonda, kofia mkononi, na badala ya kwenda kwake akaja kwetu kwanza. Akaweka bunda chini mbele ya baba yangu. Lameki alikuwa amekufa kwa kifua, akazikwa huko huko. Bunda lilikuwa na koti, kitana, wembe, blanketi la mgodini, na suruali mbili zilizokunjwa vizuri.

Wanawake waliokuwa pale waliziona suruali, wakaangalia chini. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kuziita zije, na mwenyewe abaki. Bibi NyaMhango alitoa mlio ambao siwezi kuuandika. NyaHarawa hakulia. Alipiga magoti mbele ya Goodson kama tunavyofanya kwa mwenye kuleta habari, akauliza, "Shemeji, hakuacha neno kwangu?"

Goodson akaangalia kofia yake. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa pale kwenye viti, mchungaji naye amefika, uwanja umejaa wanaume.

"Hapana, shemeji," akasema. "Hakuacha neno."

Tukazizika zile nguo kama mtu. Kisha maisha yakaendelea kwa namna yake. Bibi akafa. Baba akafa. Mashine ya kusaga ikaletwa barabarani, na vinu vikaanza kugeuzwa viti vya kuku kulalia, wasichana wa siku hizi hawajui hata kupokezana mchi. Mama Mkubwa peke yake ndiye aliyeendelea kutwanga, akisema unga wa mashine unanuka mafuta ya taa. Mimi niliolewa Rumphi mjini, nikafungua biashara yangu ya maharage, lakini kila baada ya mavuno nilirudi kumsaidia kubangua karanga. Na kila niliporudi kofi lilikuwa pale pale, pa! Meno yamepungua, nywele zimekuwa nyeupe zote, kofi halijazeeka.

"Si uuimbe tu siku moja, utoke," nilimwambia.

"Ukitoka utakwenda wapi? Umeshamwua mtu huu."

"Kifua ndicho kilichomwua, Mama Mkubwa. Vumbi la mgodi."

"Vumbi ni la mwisho. Mimi nilianza mapema." Akanitupia ganda la karanga. "Bangua huko, mtoto wa Lameki. Umekuja kubangua au kunihukumu?"

Mwaka ule karanga zilikuwa nyingi. Tulikaa karibu na ua wa matete kwa sababu ndiko kulikuwa na kivuli, miguu tumeinyoosha, rundo katikati. Mara nikamwona anajipiga mdomo. Nikatabasamu. Akajipiga tena, kwa nguvu. Kisha akaacha karanga kabisa, akanishika mkono.

"Mwiza. Niangalie. Midomo yangu inacheza?"

"Haichezi."

"Imefunga?"

"Imefunga kabisa, Mama Mkubwa. Una nini?"

"Basi nani anaimba?"

Nikatega sikio. Ng'ambo ya ua, Mzee Goodson alikuwa anasuka mkeka, kazi yake ya kila siku tangu macho yalipoanza kumwishia, maana kusuka anaweza kwa vidole tu. Mke wake alikuwa amefariki, wajukuu wako shuleni, na siku hizo kichwa chake kilikuwa kimeanza kuteleza, mara nyingine akiniita kwa jina la marehemu mama yangu. Alidhani yuko peke yake. Alikuwa anaimba polepole, kwa sauti ya mzee, na kila unyasi aliouvuta ulikaa mahali pa mchi. Lameki wa goti bovu.

"Mzee amechanganyikiwa," nikanong'ona. "Ngoja nimtanie, nimpelekee ungo."

"Kaa chini," akasema Mama Mkubwa.

Goodson akamaliza ubeti, akamaliza suruali njoo. Nikadhani ataurudia. Hakuurudia. Aliendelea mbele, kwa sauti ile ile, na maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia:

Mwenye kinu umenitukana, nimesikia chini ya ardhi.
Goti ni langu, suruali yangu, aibu nayo ni yangu.
Nitungie ubeti mmoja, uniite bila goti,
kesho yake utaniona njiani nikija.

Sijawahi kumwona mtu akinyanyuka kwa namna ile. Karanga zilimwagika zote kutoka mapajani. Alikuwa mwanamke wa kutembelea fimbo, lakini hakuikumbuka fimbo, alipita kwenye pengo la ua mahali kuku wanapopita, matete yakamchana mkono, nami nyuma yake.

Mzee Goodson aliposikia kishindo alinyamaza ghafla kama mtoto aliyekutwa chunguni.

"Nani hapo?"

"NyaHarawa," akasema. "Ubeti huo ni wa nani?"

"Ubeti gani, shemeji? Mimi nasuka."

"Luhanga, usinifanye mjinga nikiwa mzee. Nimeutunga wimbo huo mimi. Nimelala nao na kuamka nao. Huo ubeti wa mwisho sikuutunga. Ni wa nani?"

Vidole vya Goodson vikaendelea kutafuta unyasi ambao alikuwa ameshaushika. Kisha akauweka chini.

"Wa mwenyewe," akasema. "Wa Lameki."

Mama Mkubwa akakaa chini, juu ya mkeka ambao haujamalizika. Mimi nilibaki nimesimama, sijui mikono niiweke wapi.

Goodson akasimulia, na alivyokuwa akisimulia kichwa chake hakikuteleza hata mara moja. Alisema wimbo ulifika kambini na vijana wapya kutoka Hewe, na wanaume wakamwimbia Lameki jioni wanapopika. Kule hakuna mwanamke, wanaume wanapika, wanafua, kwa hiyo hata wimbo wa kinu ukaimbwa bila haya. Walitegemea atakasirika. Lameki alicheka mpaka akalala chini.

"Alisema, sikieni mke wangu alivyo na akili! Nani kati yenu ana mke wa kutunga hivyo? Akatufundisha kuuimba vizuri, maana wale vijana walikuwa wanaukosea. Tuliuimba hata chini shimoni. Wazulu waliujua, Wasotho waliujua."

"Basi kwa nini hakuja?" akauliza Mama Mkubwa. "Kama alicheka, kwa nini hakuja?"

"Shemeji, wewe unajua. Mwanaume ameimbwa kinuni, mabonde yote yamemwimba, atashukaje kwenye basi? Watu watasema ameletwa na wanawake kwa kamba. Alitaka umwite vizuri, ubeti mmoja tu, hapo atakuwa ameitwa na mke wake. Ndiyo akatunga ule wa kujibu. Akautia kwenye wimbo, akasema wanaume watakwenda nao nyumbani, utamfikia, naye atajibiwa. Kila wakija vijana wapya kutoka kwetu alikuwa wa kwanza kwenda kuwauliza. Kuna ubeti mpya? Wanamwambia, wimbo ni ule ule, Lameki. Anasema, basi bado ana hasira. Nitangoja."

"Akangoja," akasema Mama Mkubwa.

"Akangoja mpaka kifua."

"Na wanaume walikuwa wanarudi huku."

"Kila mwaka."

"Wanaujua."

"Wote waliopita kambi ile wanaujua, shemeji. Yobe marehemu peke yake ndiye aliyekuwa haujui, kwa kuwa hakuwahi kwenda." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Lakini ni wimbo wa kinu. Ukishuka kwenye basi hapa unaufunga mdomo. Tungeuimbaje? Tuje tusimame kinuni kwako tuimbe, watoto watucheke? Kila mmoja alifikiri mwenzake atamnong'oneza mke wake, na mke atakuambia. Mimi nilifikiri hivyo."

Hapo ulimi wangu ukanitoka. Nilimwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mzee. Nilimwambia aliulizwa swali mbele ya nguo za marehemu, mwanamke kampigia magoti, akaangalia kofia. Nilimwambia anastahili ungo, na si wa kutaniwa, wa kupigwa nao.

"Mwiza," akasema Mama Mkubwa, bila ukali wowote.

"Mwache aseme," Goodson akasema. "Uwanja ulikuwa umejaa wanaume. Mchungaji alikuwepo. Nikaona haya. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho nikaona haya kwamba sikusema jana. Siku zikapita namna hiyo, shemeji, na wewe uko hapo ng'ambo ya matete, nakusikia unavyojipiga."

Nilikuwa na hasira na Goodson, na Lameki, na bibi yangu NyaMhango, na wanaume wote wa bonde hili na haya zao. Nilikuwa na hasira hata na Mama Mkubwa. Mwanamke amenyamaza kwa kujutia, mwanaume amengoja kwa kiburi, na katikati yao watu chungu nzima wanapita na jibu mdomoni, wamefumba midomo. Nililia kwa hasira tu, machozi yangu hayakuwa ya kistaarabu.

Mama Mkubwa alikuwa anaangalia mikono yake. "Wimbo haukuwa umekwisha," akasema. "Ndiyo maana haukutoka. Ulikuwa unangoja kipande chake." Kisha akamwambia Goodson, "Uimbe tena. Wote. Kwa sauti."

"Shemeji, mchana huu, watu wanapita."

"Wapite."

Na Mzee Goodson akauimba. Aliinua kichwa, akafumba yale macho yasiyoona, akauimba wimbo wa kutwangia kama mwanamke, kwa sauti iliyovunjika vunjika. Watoto waliokuwa wanatoka shule walisimama njiani wakacheka, mmoja akapiga makofi. Mpita njia mmoja, mwanaume, akageuza uso. Goodson hakuacha. Alipofika kwenye ubeti wa Lameki sauti ilimkatika, akarudi nyuma, akauanza upya mpaka akaumaliza.

Mama Mkubwa akaniambia nimsaidie kusimama. Tukarudi kwetu, safari hii kwa njia ya mlango. Akaniambia nilete mahindi. Nilileta yaliyolowekwa, nikayamimina kinuni. Akauchukua mchi mwenyewe, na mimi nikachukua wa pili, tukapokezana, yeye polepole, mimi nikimngoja. Nilijua anatafuta. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta funguo gizani. Nilitegemea ubeti mzuri, maana huyu ndiye aliyetunga ule uliofika mpaka chini ya ardhi, nikaandaa sauti ya kuitikia.

Alitoa maneno mawili. Lameki, njoo. Akashusha mchi. Lameki, njoo. Hakukuwa na kiitikio, sikujua niitikie nini. Hakuweka goti, hakuweka suruali, hakuweka kichekesho hata kimoja. Aliyaimba hayo mawili kwa sauti ile ile ya zamani mpaka mahindi yakawa unga, na machozi, ambayo hayakutoka siku ya bunda, yalikuwa yanamtoka na kudondoka kifuani, na mikono yote miwili iko kwenye mchi, hakuna wa kuyafuta.

Alipomaliza alikaa juu ya kinu kilichoinamishwa, akihema.

"Sasa nani ataupeleka?" akasema. "Vinu havipo. Wasichana hawaimbi. Hata huko migodini hawaendi tena."

Ng'ambo ya matete Mzee Goodson alikuwa amesikia. Tulimsikia anakohoa, anasogea, fimbo inagonga gonga, mpaka kivuli chake kikasimama kwenye pengo la kuku.

"Shemeji," akaita. "Mimi sina mavuno mengi mbele. Labda hata haya yajayo sitayaona, nitakuwa nimemfuata Lameki. Nitaupeleka mimi."

Mama Mkubwa aligeuka akamtazama kwa muda mrefu.

"Umeushika?"

"Nimeushika. Ni maneno mawili."

"Uimbe nisikie."

Akauimba. Mama Mkubwa akamsahihisha mahali pa kupumua, akamwimbisha tena, mpaka ukakaa sawasawa.

"Haya," akasema Mama Mkubwa. "Ukimkuta, usimnong'oneze. Hata kama wamejaa wanaume, hata kama mchungaji yupo. Umwimbie hapo hapo mlangoni. Usije ukaona haya tena, Luhanga."

"Sitaona haya, shemeji," akasema Goodson.